Jiwe la Pande Nane: Habari za Meli ya Mizigo Serpens

Mtu avukaye daraja la Mto Potomac kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani, huingia katika jimbo la Virginia, na mara huona mbele yake vilima vya majani mabichi vilivyojaa mawe meupe. Hapo ndipo Arlington, makaburi ya taifa yaliyoanzishwa mwaka 1864, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wao kwa wao. Tangu siku hizo wamezikwa humo watu zaidi ya 400,000. Wamo majenerali, wamo marais wawili, na wamo askari wengi wa kawaida ambao majina yao hayajulikani nje ya jamaa zao. Mawe yao yamepangwa kwa mistari iliyonyoka, kama mibuni katika shamba lililopandwa kwa kamba.

Katika kitalu cha 34 lipo jiwe lisilofanana na mengine. Jiwe hilo lina pande nane, nalo limechorwa majina mengi, yakifuatana kwa taratibu ya alfabeti. Majina hayo ni ya watu wapatao 250. Lakini mahali penyewe pamechukua nafasi ya makaburi 28 tu, na majeneza yaliyozikwa humo ni 52. Karani yeyote azoeaye kulinganisha hesabu za daftari ataona mara moja kwamba hesabu hizi hazilingani, naye atataka kujua kwa nini.

Jibu lake ni habari ya meli moja ya mizigo iliyoitwa Serpens, iliyopotea usiku mmoja wa mwezi wa Januari 1945 mbele ya kisiwa cha Guadalcanal, maelfu ya maili kutoka Arlington. Meli hiyo haikupata kupiga vita vyenye sifa, wala haikuzamisha manowari ya adui. Kazi yake ilikuwa kuchukua mizigo.

MELI ZILIZOJENGWA KWA HARAKA

Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto, nyambizi za Wajerumani, yaani manowari zipitazo chini ya maji, zilikuwa zikizamisha meli za mizigo kwa wingi kuliko wajenzi walivyoweza kujenga nyingine. Ndipo Marekani ilipochukua ramani ya meli ya Kiingereza iliyo rahisi, ikaigeuza kidogo, ikaanza kuijenga kwa mamia. Meli hizo ziliitwa Liberty, maana yake Uhuru. Ya kwanza ilishushwa majini tarehe 27 Septemba, 1941, katika mji wa Baltimore. Kabla ya vita kwisha zilikuwa zimejengwa 2,710.

Zamani mabamba ya chuma ya meli yaliunganishwa kwa ribiti, moja moja, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Meli za Liberty ziliunganishwa kwa kuchomelewa kwa moto. Tena vipande vikubwa vilitengenezwa mbali na maji, kisha vikaletwa kwa winchi na kuunganishwa, kama fundi anayeleta milango na madirisha yaliyokwisha tengenezwa akayapachika ukutani. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda vitani, hata wanawake maelfu wakajifunza kazi ya kuchomelea. Mwezi wa Novemba 1942, ili kuonyesha watu ni haraka gani ingewezekana, meli moja ilijengwa na kushushwa majini kwa muda wa siku nne na saa 15 tu. Kwa kawaida kazi ilichukua majuma kadhaa.

Meli ya namna hiyo ilikuwa na urefu wa futi 441 na upana wa futi 57. Ilikuwa na ngama tano za kuwekea shehena, na iliweza kubeba tani zaidi ya 10,000. Mashine yake ilikwenda kwa nguvu za mvuke, kwa namna iliyokuwa imekwisha kuwa ya kikale, lakini mafundi wengi waliijua na haikuwa na matata. Mwendo wake ulikuwa maili za bahari 11 kwa saa. Mtu mwenye baiskeli nzuri katika barabara ya tambarare angeweza kuipita. Haikuwa nzuri kwa kutazamwa, wala hakuna aliyetazamia kwamba ingedumu miaka mingi. Lakini kazi iliyotakiwa iliifanya.

Meli hii tunayosimulia ilijengwa Wilmington, katika bandari ya Los Angeles, jimbo la California, ikashushwa majini mwezi wa Aprili 1943. Hapo kwanza iliitwa Benjamin N. Bancroft. Katika mwezi huohuo ikachukuliwa na Jeshi la Majini, nalo likaibadilisha jina. Ilikuwa desturi ya jeshi hilo kuziita meli zake nyingi za mizigo kwa majina ya nyota. Basi hii ikapewa jina la kundi la nyota liitwalo Serpens, maana yake katika lugha ya Kilatini ni Nyoka. Wajuzi wa nyota husema kwamba katika makundi yote ya mbinguni, ni Nyoka peke yake aliyekatwa vipande viwili: kichwa chake kiko upande huu na mkia wake upande wa pili, na katikati yupo mtu amshikaye.

WALINZI WA PWANI

Tarehe 28 Mei, 1943, Serpens ilipandishiwa bendera ya kijeshi katika bandari ya San Diego. Mabaharia waliopewa meli hiyo walikuwa Walinzi wa Pwani. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1790 ili kuzuia magendo na kukusanya ushuru wa forodha, na baadaye kikapewa kazi ya kuokoa watu waliopatwa na ajali baharini. Wakati wa vita huwekwa chini ya amri ya Jeshi la Majini, na hivyo ndivyo ilivyofanywa mwezi wa Novemba 1941.

Walinzi wa Pwani walikuwa wamekwisha kupata sifa huko Guadalcanal kabla Serpens haijajengwa. Mwezi wa Septemba 1942 baharia wao mmoja kijana, Douglas Munro, aliziongoza mashua ndogo kwenda kuwatoa askari waliozingirwa na Wajapani ufukoni. Aliiweka mashua yake kati ya askari hao na bunduki za adui, akapigwa risasi akafa. Alitunukiwa Nishani ya Heshima, ambayo ni nishani kuu kupita zote katika Marekani, na hata leo hakuna mwingine wa kikosi hicho aliyeipata.

Mabaharia wa Serpens hawakupewa nafasi ya kutenda jambo kama hilo. Tarehe 24 Juni, 1943, walitweka nanga na kuelekea kusini-magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, wakiwa na shehena ya vitu mbalimbali.

KAZI YA MPAGAZI

Bahari ya Pasifiki ni kubwa kuliko nchi kavu zote za dunia zikiunganishwa pamoja. Katika upana huo vimetawanyika visiwa vingi vidogo, ambavyo jeshi halikupata humo chakula cha kutosha, wala petroli, wala dawa, wala vifaa vya kujengea. Kila kitu alichokula askari, na kila risasi aliyopiga, ilikuwa imepakiwa katika meli, ikavuka bahari, ikapakuliwa. Askari mmoja akila mkate katika msitu, nyuma yake walikuwapo watu wengi aliokuwa hawaoni.

Serpens ilikuwa mmojawapo wa wapagazi hao. Ilifika Bora Bora, Tutuila na Tongatapu, na baadaye ikaingia katika Visiwa vya Solomon. Mwishoni mwa mwaka 1943, vita vilipokuwa vikali huko Bougainville, ilipeleka shehena za kuyasaidia majeshi yaliyokuwa yakipigana huko. Mwanzoni mwa mwaka 1944 ilikwenda New Zealand kutengenezwa, kisha ikarudi kazini. Mwezi wa Julai mwaka huo nahodha wa kwanza alimwachia mwenziwe usukani, naye ni Perry Stinson, kamanda katika Walinzi wa Pwani. Kwa huduma yake meli ilipewa nyota moja ya vita.

Hivyo maisha ya meli yalikuwa kupakia, kusafiri, kutia nanga, kupakua, na kupakia tena. Mabaharia walivumilia joto, mvua, na kazi isiyokwisha. Mwezi wa Novemba 1944 walikusanya katika visiwa magari ya kijeshi yaliyoharibika, wakayapeleka New Zealand yatengenezwe. Baada ya magari kushushwa, ngama tatu za meli ziligeuzwa ili ziweze kubeba mabomu na baruti. Katikati ya mwezi wa Januari 1945, Serpens ikarudi Visiwa vya Solomon.

RASI YA LUNGA

Visiwa vya Solomon viko mashariki ya New Guinea. Siku zile vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na vilipata uhuru wake tarehe 7 Julai, 1978. Guadalcanal ndicho kikubwa kuliko vyote. Katikati yake ni milima mirefu yenye misitu mizito, na upande wa kaskazini ni nchi tambarare iliyopandwa minazi. Mto Lunga hushuka kutoka milimani, ukapita katika tambarare hiyo na kuingia baharini penye rasi yenye jina lilo hilo.

Mwaka 1942 Wajapani walianza kujenga kiwanja cha ndege karibu na rasi hiyo. Tarehe 7 Agosti Wamarekani waliteremka pwani wakakinyang'anya, na kwa muda wa miezi sita pande zote mbili zilipigana kwa ajili ya uwanja huo mmoja. Meli nyingi zilizama katika mlango wa bahari ulio mbele ya Lunga, hata mabaharia wakapaita Iron Bottom Sound, maana yake ni mlango wa bahari wenye sakafu ya chuma. Mwezi wa Februari 1943 Wajapani waliosalia waliondoka usiku kwa meli.

Mwaka 1945 ulipoanza, vita vilikuwa vimekwenda mbali, hata Ufilipino. Guadalcanal ilikuwa imegeuka kuwa ghala. Chini ya minazi yalipangwa mapipa ya petroli, masanduku ya chakula na marundo ya mabomu. Wenyeji wengi walikuwa wameandikwa katika kikosi cha kazi cha Visiwa vya Solomon, wakawa wakipakua meli na kuchukua mizigo. Meli kubwa zilitia nanga mbele ya ufuko, na shehena ikapita kati ya meli na nchi kavu kwa matishari na mashua.

USIKU WA TAREHE 29 JANUARI

Tarehe 29 Januari, 1945, Serpens ilikuwa imetia nanga mbele ya Lunga, ikipakia mabomu ya kupigia nyambizi. Bomu la namna hii lafanana na pipa. Limejazwa baruti kali, nalo huachwa kuzama mpaka kina kilichopangwa, ndipo uzito wa maji unapolilipua. Si kitu cha kutupwa hovyo. Hushikwa kwa uangalifu, hushushwa ngamani polepole, na hufungwa lisibiringike meli ikiyumba.

Kazi hiyo ilifanywa na makuli wa Jeshi, zaidi ya 50, pamoja na mabaharia wa meli. Alikuwapo pia daktari mmoja wa Idara ya Afya ya Serikali. Nahodha pamoja na watu wake saba walikuwa wamekwenda nchi kavu kwa shughuli za kazi. Giza likaingia, na kazi ikaendelea.

Usiku ulipokuwa umekwenda, Serpens ililipuka. Mashua moja iliyokuwa na askari ilikuwa njiani kuelekea pwani, na waliokuwamo walisikia kishindo wakageuka, wakaona moto na mizinga ikiruka na kuanguka majini pande zote za bandari. Walipoelekeza mashua yao penye moshi hawakuikuta meli. Waliona mbao zilizovunjika, maboya ya kujiokolea yaliyoraruka, na samaki waliokufa wakielea. Ni omo peke yake, yaani sehemu ya mbele ya meli, iliyoonekana juu ya maji, nayo ikazama baada ya muda mfupi. Vipande vya chuma vilifika hata ufukoni, vikamwua askari mmoja aliyekuwa nchi kavu.

Kati ya wote waliokuwamo melini wakati ule, wawili tu ndio waliopona. Walikuwa katika chumba cha kuwekea kamba na vifaa, kilichoko omoni, mbali na ngama zenye mabomu. Pamoja na nahodha na wale saba, waliobaki katika watu wa Serpens walikuwa kumi. Waliokufa walikuwa karibu mabaharia 200, na makuli wale wa Jeshi, na daktari. Walinzi wa Pwani hawajapata msiba mkubwa kupita huo kwa siku moja katika historia yao yote.

SABABU YA MSIBA

Mara watu walidhani kwamba adui ndiye aliyefanya jambo hilo, pengine kwa nyambizi. Kwa miaka kadhaa ndivyo ilivyosemwa, na jamaa za marehemu wakaamini kwamba watu wao wameuawa na Wajapani. Lakini mwezi wa Juni 1949 ilitangazwa rasmi kwamba kulipuka kwa meli hakukutokana na adui. Lilikuwa ajali. Jinsi ajali yenyewe ilivyoanza haikuthibitishwa, maana waliokuwa karibu na mabomu, ambao wangeweza kusimulia, wote walikuwa wamekufa.

Msiba huo haukuwa wa peke yake. Tarehe 17 Julai, 1944, meli mbili zililipuka huko Port Chicago, California, moja yao ikiwa ya Liberty iliyokuwa ikipakiwa mabomu, na watu 320 wakafa. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi waliopewa kazi ya kupakia bila kufundishwa vya kutosha. Wenzao waliosalia walipokataa kurudi kazini katika hali ileile, 50 kati yao walihukumiwa kwa kosa la uasi. Ni mwaka 2024 tu, miaka 80 baadaye, ndipo Jeshi la Majini lilipowaondolea hatia. Tena tarehe 10 Novemba, 1944, meli ya mabomu iitwayo Mount Hood ililipuka katika bandari ya Manus, kaskazini ya New Guinea, na kila aliyekuwamo akafa. Serpens ilikuwa ya tatu katika muda usiotimia miezi saba.

Hayo yaonyesha jambo ambalo katika vita husahauliwa. Hatari haikai mstari wa mbele peke yake. Mtu aliyeko ghalani au ngamani, maili mamia kutoka kwa adui, amezungukwa na mauti ileile anayoipeleka kwa mwingine. Naye hana bunduki ya kujikinga nayo. Kinga yake ni mafundisho mema, vifaa vizuri, na wakubwa wasiomharakisha kupita kiasi.

MAZIKO MAWILI

Mabaki yaliyopatikana yalizikwa kwanza katika makaburi ya wanajeshi ya Guadalcanal kwa heshima zote za kijeshi na kwa ibada. Vita vilipokwisha, serikali ya Marekani ilianza kuwarudisha nyumbani marehemu wake kutoka nchi mbalimbali, kila jamaa wakitoa shauri lao mtu wao azikwe wapi. Kwa jamaa za watu wa Serpens shauri hilo lilikuwa gumu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mwili huu ni wa fulani na ule ni wa fulani. Mama wa huku hakuweza kupewa mwanawe bila kupewa pia mtoto wa mama wa kule.

Kwa hiyo iliamuliwa wazikwe pamoja. Tarehe 15 Juni, 1949, majeneza 52 yaliteremshwa ardhini katika Arlington. Mabaharia, makuli na daktari wakalala mahali pamoja, bila mpaka wa kikosi wala wa cheo. Mwezi wa Novemba 1950 lilifunuliwa jiwe la pande nane, na katika kulifungua Mkuu wa Walinzi wa Pwani alitoa hotuba mbele ya jamaa zao.

Hivyo hesabu zile ambazo hazikulingana zinaeleweka. Wengi walipotea kabisa, na waliopatikana hawakuweza kutengwa.

LUNGA BAADA YA VITA

Baada ya vita makao makuu ya serikali ya Visiwa vya Solomon yalihamishwa kutoka Tulagi, yakapelekwa pwani ya Guadalcanal, mahali Wamarekani walipokuwa wameacha majengo na barabara. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Honiara, nao ndio mji mkuu hata leo. Mgeni afikaye kwa ndege hushukia kiwanja kilekile kilichopiganiwa mwaka 1942. Akitoka hapo kwenda mjini huvuka Mto Lunga. Mbele yake ni bahari, na ng'ambo huonekana kisiwa cha Savo.

Bahari hiyo ni tulivu, yenye rangi ya samawati, wala haionyeshi kilicho chini yake. Manowari zilizopigana kwa mizinga mwaka 1942 zimelala humo, na majina yake yameandikwa katika vitabu vingi. Serpens nayo imelala huko, na mahali pa kuyaona majina ya watu wake ni kule ng'ambo ya Potomac.

Katika makaburi yale ya Arlington wageni wengi hupita upesi wakielekea kaburi la Rais Kennedy na lile la Askari Asiyejulikana. Jiwe la pande nane halina mlinzi wa kubadilishana zamu, wala moto usiozimika. Lakini mwenye kulizunguka polepole, akisoma upande mmoja baada ya mwingine, atakuwa amesoma majina ya wapishi, mafundi wa mashine, makarani wa shehena, vijana wa winchi na wachukuzi. Hao ndio waliowalisha wapiganaji na kuwapelekea silaha, nao walikufa wakiwa kazini, usiku, wakishusha mzigo ngamani.